Stata ya jenereta inapiga "ka!" halafu kimya. Betri ni mpya. Nitajuaje kama imekufa kweli?

#1 Saluni_Kirumba
Wakuu, habari za jioni. Nina saluni ya kiume hapa Kirumba, Mwanza, viti vitatu. Umeme ukikatika nategemea jenereta la petroli, lile la ufunguo. Injini ni ile ya 390 inayouzwa kwa majina kumi tofauti, kwa hiyo jina naliacha. Wiki ya pili sasa nikizungusha ufunguo inapiga "ka!" mara moja, nzito, kisha kimya kama maji ya mtungini. Taa ya paneli haizimiki, inafifia kidogo tu. Nilinunua betri mpya ya volti 12, ikawasha siku mbili, ya tatu tukarudi kulekule.

Kwa kamba linawaka mvuto wa pili. Lakini kijana wangu wa kazi ana bega bovu na mimi mwenyewe nimevuka hamsini. Jumamosi mteja alibaki na kichwa nusu kimenyolewa nusu msitu, robo saa nzima. Fundi wa mtaani kasema stata imekufa, ninunue nyingine nzima. Kabla sijatoa hela: mnapimaje?

#2 Ngoja_Ngoja
Mafundi wanakuja. Mimi nimeshakaa siti ya mbele.

#3 Mzee_wa_Kamba
Haijafa hiyo. Kaboni zimenasa, vile vijiti vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka ndani ya stata. Chukua nyundo, gonga mwili wa stata mara mbili tatu huku mwenzako ameshika ufunguo. Ikizunguka umeshapata jibu bila kulipa mtu. Hii nimeifanya tangu enzi za Land Rover za serikali, wengi wenu hamjazaliwa.

#4 Kiberiti2
Angalia oili kwanza. Hizo jenereta zina kitambuzi, oili ikipungua haliwaki. Nilihangaika wiki nzima, nimebadilisha plagi mbili, kumbe oili imeshuka.

#5 BintiWaya
Kiberiti2, hapo umechanganya. Kitambuzi cha oili kinakata cheche ya plagi, hakigusi stata. Oili ikiwa chini stata inazunguka vizuri tu, injini ndiyo haishiki. Kwake stata yenyewe haizunguki. Ni kesi nyingine.

Saluni, hiyo sauti uliyoisikia ni nusu ya kipimo. Kimya kabisa ni fyuzi, swichi au ule waya mwembamba unaoamsha relei, yaani swichi ya umeme mkubwa wa stata. "Kakakakaka" ya haraka ni relei inashika na kuachia kwa sababu volti zinaanguka, na mara nyingi ni betri. "Ka!" moja nzito kama yako maana yake relei imeshika. Sasa ama umeme mkubwa haufiki kwenye mota, ama unafika na mota haiwezi kuzunguka.

Nyundo iweke chini kwanza, Mzee atanisamehe. Azima mita, iweke kwenye volti za DC, namba 20. Mtu mmoja ashike ufunguo sekunde tatu tu, mwingine apime. Anza na betri yenyewe, chuma cha betri kwa chuma cha betri, sio juu ya vile vishikio vya waya. Pima kabla ya kuwasha, halafu ufunguo ukiwa umeshikiliwa. Kisha pima kutoka bolti ya shaba inayoingia ndani ya stata hadi mwili wa stata. Mwisho, kutoka hasi ya betri hadi mwili wa stata. Leta namba, usilete maneno.

#6 ChumaChakavu
Dada kaja na karatasi ya mtihani wa VETA.

#7 BintiWaya
Niliufanya na nikaufaulu, umeme wa magari. Wewe je?

#8 ChumaChakavu
Mimi nilipita karibu na geti.

#9 Likoni_Boi
Salamu kutoka Mombasa. Mimi nina tuktuk mbili hapa Likoni na hadithi ni hiyohiyo. Stima inafika kwa stata lakini haina njia ya kurudi. Tazama ethi, ule waya wa hasi. Nimeshanunua stata bure mara moja, ile ya zamani iko chini ya kitanda, nzima kabisa.

#10 Kiberiti2
Stima inafika kwa stata? Huku ziwani stima ni meli.

#11 Likoni_Boi
Basi panda hiyo meli uje nikuonyeshe umeme.

#12 Saluni_Kirumba
Nimeazima mita kwa jirani anayetengeneza redio. Namba hizi hapa:
Betri imetulia: 12.7
Betri, ufunguo umeshikwa: 11.9
Bolti ya stata hadi mwili wa stata: 9.1
Hasi ya betri hadi mwili wa stata: 1.9
Injini haikusogea hata kidogo. Nimerudia mara tatu, zinacheza hapohapo.

#13 Mwl_Fizikia
Asante kwa namba. Sasa tufanye hesabu badala ya ramli. Betri inatoa 11.9, stata inapata 9.1. Volti 2.8 zimepotea njiani. Kati ya hizo 1.9 zimeliwa upande wa hasi peke yake, zinabaki 0.9 upande wa chanya na relei. Upande wa hasi usizidi 0.2 hivi, na upande wa chanya ikifika 0.5 ni nyingi. Kwako pande zote mbili zimezidi, lakini hasi imezidi mno.

Chukulia umeme unaopita ni ampea 40. Gawanya 1.9 kwa 40, unapata omu 0.05 hivi. Ni ndogo sana hiyo, na hapo ndipo watu wanapodanganyika: ukiweka mita kwenye omu kupima waya wa ethi itakuambia uko sawa. Hata uzi mmoja wa shaba uliobaki kwenye waya uliooza utaonyesha volti zote 12 bila mzigo. Ukiubebesha stata unalala. Ndiyo maana dada amesisitiza ufunguo ushikwe wakati wa kupima.

Ethi. Kesi imefungwa.

#14 Mzee_wa_Kamba
Mwalimu umefunga kesi mapema, mshtakiwa hajaletwa. Volti 9.1 zimefika kwenye stata. Tisa! Stata nzima ikipewa volti tisa inazunguka, hata kama ni kwa kujivuta. Yake haikusogea. Kwa nini? Kaboni.

#15 Ngoja_Ngoja
Mzee kagonga bila nyundo.

#16 Baridi_Makete
Huku Makete asubuhi ni barafu kwenye majani, jenereta zote zinakuwa na kesi, kwa hiyo sikilizeni na upande wa pili. Mnaisema stata tu, hamuulizi inasukuma nini. Injini hiyo imechorwa kwa muundo wa Honda GX390, sentimita za ujazo 389, pistoni moja kubwa. Peke yake stata hiyo ndogo haiwezi kuivusha ile pistoni kwenye mgandamizo. Kuna kidude kwenye shafti ya kemu kinachoinua valvu ya ekzosi kidogo tu wakati wa kuwasha ili upepo utoke. Valvu zikilegea, yaani nafasi ya tapeti ikiwa kubwa, kile kidude kinainua hewa tupu, valvu haifunguki, na stata inakwama palepale pistoni inapopanda.

Kwa GX390 nafasi ni milimita 0.15 valvu ya kuingiza na 0.20 ya ekzosi, injini ikiwa baridi. Nilikuta moja ina nafasi ya kupitisha kadi ya simu. Mwenyewe alishanunua betri mbili na stata moja.

Kipimo: toa plagi, jaribu stata bila mgandamizo. Kofia ya plagi iweke mbali na tundu, petroli na cheche si marafiki.

#17 Kiberiti2
Lakini kwa kamba linawaka mvuto wa pili, kasema mwenyewe. Kama mgandamizo ungekuwa haufunguki si kamba ingemng'oa mkono?

#18 Baridi_Makete
Kijana wake bega limeharibikaje? Kuna aliyeuliza?

#19 ChumaChakavu
Duh.

#20 Saluni_Kirumba
Bega ni la mpira wa miguu, golikipa. Ila kweli kamba ni nzito kuliko zamani, nilidhani ni uzee wangu.

Nimetoa plagi. Stata IMEZUNGUKA. Lakini kwa uvivu, kama feni ya dari inayotaka kuzima. Na mara ya nne kuijaribu haikuzunguka, ikapiga "ka!" tena. Ya tano ikazunguka.

#21 Baridi_Makete
Nilisema. Bila mgandamizo inazunguka.

#22 Mwl_Fizikia
Inazunguka kwa uvivu kwa sababu haipati volti zake. Nilisema.

#23 Mzee_wa_Kamba
Mara inazunguka, mara haizunguki. Hiyo ni kaboni inashika na kuachia. Nilisema kabla yenu wote.

#24 Ngoja_Ngoja
Wote mmeshinda. Mwenye saluni bado anavuta kamba.

#25 Likoni_Boi
Hebu niulize jambo. Ulipotoa plagi, tundu lilirusha petroli? Kabureta ikivuja usiku, petroli inashuka ndani ya silinda inajaa, na kitu cha maji hakigandamizwi. Stata inakwama kama imegonga ukuta. Chomoa kijiti cha oili ukinuse. Ikinuka petroli na kina kimepanda, usiwashe, mwaga oili yote.

#26 Saluni_Kirumba
Tundu kavu. Oili inanuka oili. Kina kiko sawa, ila niliweka oili ya lori ya rafiki yangu, nzito nzito hivi, kama asali.

#27 Baridi_Makete
Hapo unaongeza mzigo mwingine. Injini hiyo inakunywa 10W-30, lita moja na kidogo. Mwanza hakuna baridi ya kukuua, lakini oili ya asali na stata inayojivuta haviendi pamoja.

#28 BintiWaya
Nilikuwa kazini. Saluni, swali moja: waya mweusi wa betri umefungwa wapi? Kwenye injini au kwenye fremu? Na jenereta limewahi kuguswa na mtu hivi karibuni?

#29 Saluni_Kirumba
Umefungwa kwenye fremu. Kuguswa hapana. Ila mwezi uliopita mpwa wangu alilipiga rangi, jekundu, ili lipendeze mbele ya saluni.

#30 BintiWaya
🙆🏾‍♀️

#31 Mwl_Fizikia
RANGI.

#32 ChumaChakavu
Mpwa kalipendezesha hadi likazimia.

#33 BintiWaya
Ona hii, Saluni. Injini yako imekalia mipira minne ili isitikisike. Mpira haupitishi umeme. Ethi ya betri iko kwenye fremu, stata iko kwenye injini. Lazima kuwe na waya mwingine mfupi mnene kutoka fremu kwenda injini, mara nyingi ni wa kusukwa kama mkeka, karibu na mguu wa injini. Ukikosekana, au kichwa chake kimekaa juu ya rangi, umeme wa stata unatafuta njia za kichochoro: bomba la ekzosi, waya wa choki, popote. Tafuta huo waya. Kwangua mpaka chuma king'ae chini ya kichwa cha waya, upande wa fremu na upande wa injini, na pale stata inapokaa. Kaza, kisha ndipo upake grisi juu kuzuia kutu. Juu, sio katikati.

Lakini Mzee naye hana kosa. Volti 9.1 bila kusogea, na ile hali ya mara ndiyo mara siyo, mimi ningeifungua stata. Ni bolti mbili kwenye injini. Chomoa hasi ya betri kwanza.

#34 Mzee_wa_Kamba
Marahaba mwanangu. Angalau mmoja ana adabu.

#35 Kiberiti2
Tuelezeni basi ikishatoka inapimwaje mezani. Mimi ya pikipiki yangu nayo inaguguna.

#36 BintiWaya
Ngoja nile kwanza. Narudi.

#37 Mwl_Fizikia
Wakati tunamsubiri. Mnajua kwa nini stata ni ndogo hivyo na inasukuma injini kubwa? Mmarekani Charles Kettering kabla ya magari alikuwa akitengeneza mashine za fedha za madukani zinazofunguka kwa mota. Akagundua kuwa mota inayofanya kazi sekunde chache tu unaweza kuibebesha kupita uwezo wake, ili mradi uipumzishe. Kwenye gari akaleta wazo hilohilo, Cadillac wakaanza kuuza magari yenye stata ya umeme mwaka 1911. Ndiyo maana mtu akishika ufunguo nusu dakika anapika waya. Sekunde tano, pumzisha, rudia.

#38 Likoni_Boi
Mwalimu, hayo magari ni ya mwaka 1912. 1911 ndio alipoitengeneza na kuomba hataza.

#39 Mwl_Fizikia
Sawa, nimepokea sahihisho. Na hataza yenyewe ilitoka 1915, kabla hujanisahihisha tena.

#40 Mzee_wa_Kamba
Na kabla ya hapo watu walizungusha kwa mkono na kuvunjika viganja. Ndiyo maana jina langu ni hili. Kamba haihitaji mita.

#41 BintiWaya
Nimerudi. Kiberiti2 na Saluni, huu ndio utaratibu wangu, kila fundi ana wake.

Ifunge stata kwenye jiliwa kwa ule mguu wake, usiibane tumbo. Ina sumaku ndani, ukiibana tumbo umeiua. Lazima ifungwe kwa sababu inaruka. Niliwahi kuona stata imedondoka mezani ikamvunja mtu kidole cha mguu, ndala zilikuwa hazijamsaidia. Waya wa hasi kwenye mwili, gusisha chanya kwenye bolti. Nzima inavuma sauti moja, gia yake inachomoka kwenda mbele. Ikizunguka huku inakwaruza, bushi zimelika na amecha, ile sehemu ya ndani inayozunguka, inagusa sumaku. Ikizunguka polepole na waya zinapata moto, kuna shoti au inakwaruza ndani. Ikizunguka polepole na waya ni baridi, umeme haupiti vizuri: kaboni. Isipozunguka lakini ukiisukuma shafti kwa kidole inaondoka, tena kaboni, au sehemu moja ya amecha imekufa.

KABLA ya kufungua, chora mstari kwa bisibisi kutoka kifuniko hadi mwili, mbele na nyuma. Nitawaambia kwa nini. Washa, vile vipete vya kwenye shafti, zipange mezani kwa mfuatano ule ule.

Kaboni: zichezee kwenye nyumba zake, zinatakiwa kuteleza kama droo, na springi izisukume kwa nguvu. Ikiwa imebaki nusu ya urefu wake mpya, badilisha. Kisha mita kwenye omu. Kaboni ya chanya na mwili wa stata: visiongee. Kaboni ya hasi na mwili: viongee. Shaba za duara za amecha, jirani kwa jirani: ziongee zote, mzunguko mzima. Shaba na shafti: visiongee kabisa. Vikiongea, amecha imeungua, hapo ndipo neno "imekufa" linaruhusiwa.

Shaba zikiwa nyeusi, msasa laini ule wa mbao, utepe mwembamba, zungusha. Usitumie ule mweusi wa chuma, unaacha punje ngumu. Ile mifereji kati ya shaba na shaba safisha kwa kijiti cha meno, unga wa kaboni ukijaa pale shaba zinaunganika.

#42 ChumaChakavu
Ongeza hii: mita haiwezi kuona shoti ya waya kwa waya ndani ya amecha. Mafundi wa kusuka mota wana kile kitako cha sumaku ya umeme, unalaza amecha juu yake, unashika kipande cha msumeno wa chuma juu ya amecha unaizungusha taratibu. Penye shoti kipande kinatetemeka kwenye vidole, drrrrr. Kwa hiyo "imepita kwenye mita" si cheti cha uzima.

#43 BintiWaya
Kumbe ulipita ndani ya geti.

#44 ChumaChakavu
Nilifukuzwa muhula wa pili 😅

#45 Kiberiti2
Nina klampu mita ya kushika waya, nimeizungushia waya wa stata inasoma sifuri. Kwa hiyo stata haili umeme?

#46 Mwl_Fizikia
Klampu nyingi za bei rahisi zinasoma umeme wa AC tu, ule wa ukutani. Betri ni DC. Hata ukiishikia waya wa betri ya lori itasema sifuri. Tafuta yenye alama ya DC kwenye ampea.

#47 Likoni_Boi
Dada hajasema kwa nini mstari. Nitasema mimi, ilinikuta. Fundi alifungua stata ya tuktuk yangu, akaisafisha ikawa kama mpya, akaifunga. Nikabonyeza: ziiiiiiii! Inazunguka mbio ajabu, injini imetulia tu. Tukadhani gia imekatika meno. Kumbe mwili wenye sumaku aliurudisha kinyume, kaskazini imekaa kusini, ikawa yazunguka kinyumenyume. Siku mbili zimepotea kwa ajili ya mstari wa bisibisi.

#48 Mzee_wa_Kamba
Stata zetu za zamani hazikuwa na ujinga huo.

#49 BintiWaya
Ndiyo, Mzee, na hapo ndipo ugomvi wangu na nyundo ulipo. Stata za Land Rover zako zilikuwa na koili za waya kwenye kuta, sio sumaku. Gonga utakavyo. Hizi ndogo kuta zake ni sumaku za kubandika kwa gundi, zinavunjika kama kigae. Mwezi wa pili nimefungua moja iliyogongwa na "wataalamu", vipande vitatu vya sumaku vimeng'ang'ania amecha, kimoja kimekaa katikati kama mfupa wa samaki kooni. Kaboni zake zilikuwa nzima.

#50 Mzee_wa_Kamba
Nilisema kugonga, sikusema kutwanga. Mpini wa nyundo, kwenye kifuniko cha nyuma, si tumboni.

#51 Ngoja_Ngoja
Mzee, rudi #3 usome ulichoandika.

#52 Mzee_wa_Kamba
Miwani yangu iko chumbani.

#53 Saluni_Kirumba
Wakuu, ripoti. Jumapili nimefunga saluni, nikamwita fundi mwingine, kijana mtulivu. Tumefungua stata. Kaboni moja imebaki kama ukucha, nyingine nusu, na hiyo fupi ilikuwa imeegemea upande ndani ya nyumba yake. Shaba nyeusi. Sumaku nzima. Shaba na shafti hazikuongea, nikashukuru.

Dukani hawakuwa na kaboni zake. Fundi akatoa kaboni za grainda, akazipiga tupa hadi zikaingia. Stata ikazunguka mezani. Polepole lakini imezunguka. Tufunge?

#54 BintiWaya
USIFUNGE. Kaboni za grainda ni za volti 220, ni makaa makavu, zinapitisha umeme mdogo wa volti kubwa. Stata ni kinyume, volti 12 na ampea nyingi, kaboni zake zimechanganywa na shaba. Vunja ile ya zamani uitazame penye mvunjiko, utaona inang'aa wekundu. Vunja ya grainda, nyeusi tii. Kwa hizo za grainda utazunguka mezani bila mzigo, ukifunga kwenye injini utarudi kwa "ka!" yako. Tafuta hata za stata ya pikipiki ya karibu na saizi, zipige tupa hizo.

#55 Saluni_Kirumba
Kweli bwana, ya zamani ndani ni nyekundu! Asante dada. Kesho naingia mjini.

#56 Kiberiti2
Na ile gia ya mbele tupake grisi?

#57 Likoni_Boi
Paka, ichomoke vizuri.

#58 ChumaChakavu
Usipake. Grisi na vumbi inakuwa ugali, gia inakwama kwenye ile mifereji ya kujisokota. Isafishe ibaki kavu, au tone la oili nyepesi.

#59 Likoni_Boi
Mimi napaka miaka yote.

#60 ChumaChakavu
Na miaka yote unanunua stata. Umesema mwenyewe #9.

#61 Saluni_Kirumba
Ripoti ya pili. Nimepata kaboni za stata ya pikipiki, tumezipiga tupa, zinateleza kama droo. Shaba zimesafishwa kwa msasa. Ule waya wa mkeka ulikuwepo, umelala juu ya rangi ya mpwa pande zote mbili, tumekwangua. Pia tumefungua kifuniko cha valvu: ekzosi ilikuwa na nafasi kubwa, kipande cha 0.40 kilipita bila kugusa. Tumeirudisha 0.20. Oili ya asali nimeimwaga, nimeweka 10W-30.

Ufunguo: limewaka kabla sijauachia. Nimeliwasha na kulizima mara nane, wateja wakadhani nimechanganyikiwa.

#62 Mwl_Fizikia
Safi sana. Sasa pima tena hasi ya betri hadi mwili wa stata, nakuahidi itakuwa chini ya 0.2.

#63 Saluni_Kirumba
0.15.

#64 Mwl_Fizikia
Hapo sasa! Ilikuwa ethi.

#65 Baridi_Makete
Tapeti kutoka 0.40 kuja 0.20 na mnasema ethi? Muulizeni kamba imekuwa nyepesi au la.

#66 Saluni_Kirumba
Nyepesi. Golikipa kavuta kwa mkono mmoja.

#67 Mzee_wa_Kamba
Kaboni kama ukucha. Imeegemea. Siongezi neno.

#68 BintiWaya
Umebadilisha vitu vinne siku moja, sasa hakuna atakayejua kilichokuwa kinakusumbua. Ningekuwa mimi ningesafisha ethi peke yake, nijaribu, nipime, ndipo niguse kingine.

#69 Saluni_Kirumba
Dada, ni kweli, lakini saluni ilikuwa imefungwa siku nzima na fundi analipwa kwa siku.

#70 ChumaChakavu
Ile betri ya zamani bado unayo? Huenda ilikuwa nzima. Naichukua.

#71 Saluni_Kirumba
Ameshaichukua fundi wa kwanza, yule aliyesema stata imekufa.

#72 Ngoja_Ngoja
😂😂😂

#73 Kiberiti2
Jamani na pikipiki yangu? Inaguguna, krrrk, halafu inateleza.

#74 BintiWaya
Hiyo ni klachi ya stata, fungua uzi wako. Na uje na namba.

#75 Saluni_Kirumba
Wakuu, siku ya tano leo. Asubuhi ufunguo wa kwanza: "ka!" Wa pili likawaka. Mchana wote halikusumbua. Nimeazima tena mita, jirani ameanza kunitazama vibaya.